Kazi Niliyoificha kwa Siku Mbili

Buswelu,
Jumamosi, saa tisa alasiri.

Elias mwanangu,

Umetoka bila kuaga na hujasema unakwenda wapi. Viatu vyako vya kazini havipo mlangoni, kwa hiyo najua umekwenda mbali. Mama yako anasema nikuache utembee. Mkeo Kulwa anafunga vyombo jikoni huku mtoto akiwa mgongoni, na Rehema wenu amekaa juu ya gunia la nguo anauliza kila baada ya muda kama basi limeshafika. Nimeingia chumbani nikakaa ukingoni mwa kitanda na daftari hili, kwa sababu leo asubuhi mdomo wangu umeshindwa kazi yake. Nimesema nusu ya jambo. Nusu iliyobaki naiandika.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala chandarua cha mtoto. Mama yako amekwisha kuyasema hayo mpaka ukamwambia, "Mama, Mpanda nako ni Tanzania." Wala sitakufundisha namna ya kuishi na mkeo. Mna miaka saba pamoja, na kwa ninavyoona unaishi naye vizuri kuliko nilivyoishi mimi na mama yako tulipokuwa na umri wenu. Ninachotaka ujue ni kwa nini habari ya ile kazi niliipata tangu Alhamisi nikakwambia leo, mizigo ikiwa imeshafungwa kamba. Ukishajua, hasira yako ikibaki au ikiondoka, ni haki yako.

Inabidi nianzie mbali.

Wewe unamkumbuka mama yako na ubao wake: lile bati alilolipaka rangi nyeusi akaliegemeza ukutani barazani, watoto wa majirani wamekaa kwenye mkeka wanaimba silabi. Ulipofika sekondari uliniuliza kwa nini Mama hakuajiriwa wakati ana cheti cha ualimu. Nilikujibu kwamba enzi zile ajira zilisimama, wengi hawakupata. Kweli ajira zilisimama, na wengi hawakupata. Lakini mama yako alipata.

Ulikuwa na miaka mitatu. Tulikaa Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya pamba, vyumba viwili na bomba la maji nje. Nilikuwa fundi mitambo. Mama yako alikuwa amemaliza chuo, ameomba kazi, na miaka miwili ilikuwa imepita bila jibu. Hatukuwa na sanduku letu la posta, kwa hiyo kwenye fomu aliandika la kiwandani. Barua zote zilifikia kwa karani wetu, na karani alinipa mimi.

Ilifika Jumanne. Bahasha ya kaki yenye mhuri wa serikali. Jina lililokuwa juu yake halikuwa langu, lakini niliifungua pale pale nyuma ya boila. Alikuwa amepangiwa shule ya msingi huko Biharamulo, na alitakiwa aripoti ndani ya siku kumi na nne.

Nataka uniamini nikikwambia kwamba sikukaa chini nikaamua kuificha. Niliikunja nikaitia mfukoni mwa ovaroli, nikasema nitampa jioni. Jioni nikamkuta anakuogesha huku anakuimbia, nikasema nitampa baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema kwanza niongee na bosi, nijue kama naweza kupata kazi upande ule. Sikuongea na bosi. Nilijua Biharamulo hakuna kiwanda cha mafuta. Ningekwenda kukaa kwenye nyumba ya mwalimu, mimi mwanamume mzima, nikisubiri mwanamke arudi kutoka kazini. Pale kiwandani kulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye mkewe alikuwa nesi na kipato chake kilikuwa juu ya cha mumewe. Tulimwita Bwana Sindano. Nilikuwa nacheka pamoja na wengine, Elias, tena kwa sauti.

Mama yako alikuwa na desturi ya kuuliza kila Ijumaa nikirudi. "Posta hawajaleta kitu?" Nikamjibu, "Hawajaleta." Ijumaa mbili nilimjibu hivyo, barua yake ikiwa kifuani mwangu. Siku ya kumi na tano niliitia kwenye moto wa boila pamoja na maganda ya pamba. Kisha nikarudi nyumbani, nikala, nikalala. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nililala vizuri.

Nimefika hapa mama yako akaingia kutafuta kamba. Aliniuliza naandika nini. Sikuficha daftari. Alisoma ukurasa mzima akiwa amesimama, miwani ameishika mkononi bila kuivaa, kisha akanirudishia daftari.

"Ijumaa zilikuwa tatu," akasema. Akachukua kamba chini ya kitanda, akatoka.

Nimekaa muda nikihesabu. Ni kweli. Zilikuwa tatu. Ile ya tatu aliuliza wakati barua imeshakuwa majivu, na mimi nikajibu vile vile, na kwangu ikawa ni Ijumaa ya kawaida tu kiasi kwamba nimeisahau. Yeye hajaisahau; ndiyo Ijumaa ya mwisho aliyouliza.

Naendelea.

Miaka mitano baada ya hapo kiwanda kilifungwa. Hatukuambiwa mapema. Tulifika asubuhi tukakuta mnyororo getini. Nyumba ile ilikuwa ya kiwanda, kwa hiyo tukahamia huku Buswelu, wakati huo kukiwa na mashamba na mawe tu. Nilikaa miezi minane nikisubiri geti lifunguliwe. Watu waliniletea baiskeli, wakaleta pampu za maji, nikawaambia mimi ni fundi wa kiwandani, sishughuliki na vitu hivyo. Siku hizo ndipo mama yako alipolipaka bati rangi. Jirani mmoja alileta cherehani yake, nikaiacha kwenye kona wiki mbili. Mama yako akaifungua mwenyewe kwa bisibisi yangu, ikamshinda kuirudisha, na mimi nikamnyang'anya kwa hasira nikaitengeneza. Mwenye cherehani alifurahi akamleta mwenzake. Hivyo ndivyo nilivyorudi kazini. Usije ukafikiri nilikuwa na hekima yoyote.

Mama yako alikuja kuijua habari ya barua ukiwa darasa la tano. Alikwenda Kirumba, soko la Mwaloni, kununua dagaa, akakutana na mwanamke waliyesoma naye chuo. Yule mwanamke alimkumbatia halafu akamlaumu. "Tabitha, mbona hukuja? Jina lako lilikuwa kwenye orodha pale wilayani. Tulikusubiri mwezi mzima, tukasema huyu amepata pazuri zaidi."

Mama yako hakuniuliza siku hiyo. Alisubiri Jumapili, wewe na wadogo zako mkiwa bado kanisani kwenye mafundisho ya watoto. Nilikuwa nanoa msumeno.

"Barua yangu ya Biharamulo uliipata?"

Ningeweza kukataa. Nilifikiria kukataa. Nikasema, "Niliipata."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

Alikaa kwenye kile kibao cha kukunia nazi, kikiwa kimefungwa, akaangalia mikono yake. Nilitegemea kelele. Kama angepiga kelele ningejua la kufanya. Akasema taratibu, "Nilikuwa nimeshaongea na mama yangu. Nilimwambia nikipangiwa mbali nitakuomba twende, na ukisema hapana nitabaki. Nilikuwa nimeshakubali kubaki na wewe. Hukunipa hata nafasi ya kukwambia."

Mwezi ule tuliokwambia kwamba bibi yako wa Magu anaumwa na Mama amekwenda kumuuguza, bibi hakuwa anaumwa. Unaukumbuka. Nilikuwa nawapikia ugali wenye madonge, na wewe ulinifundisha namna ya kuusonga kwa sababu ulikuwa umemtazama mama yako. Nilimfuata mara moja. Alinitolea kiti, akanipa maji ya kunywa, akaniuliza habari zenu, akaniambia nirudi nyumbani watoto wasikae peke yao. Sikujua kama atarudi. Siku aliporudi alipita moja kwa moja uani akaangalia kuku wake. Nilimuuliza kwa nini amerudi.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Nirudi wapi kwingine?"

Tangu siku hiyo hatujawahi kulizungumza mpaka leo. Nilidhani kimya chake ni msamaha. Huenda ni msamaha. Nilipaswa kuuliza, na miaka yote hiyo sikuuliza.

Sasa nije kwetu sisi.

Tangu walipowapunguza kule kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, mwaka mmoja na nusu umepita, nimekuona ukibeba mkoba wako wa spana kila asubuhi ukienda kutafuta mashine za barafu na friji mbovu kuanzia Kirumba mpaka Igoma. Sijawahi kukusikia ukikataa kazi kwa sababu ni ndogo. Hapo ulinizidi. Nilikuwa nakuangalia, sikukwambia. Umepeleka barua za maombi kila mahali penye ukuta na geti, na kila mahali wamekwambia subiri, samaki wamepungua, mwaka huu hatuajiri.

Halafu majina ya ajira za afya yakatoka, na la mkeo lilikuwamo, amepangiwa Mpanda. Kulwa alikuwa amesubiri miaka mitano. Unakumbuka alivyopiga kelele uani mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Ulimwinua, mkazunguka naye, Rehema akashika miguu yenu akazunguka pia. Nilicheka mpaka machozi. Baadaye nikatoka kwenda kufunga banda la kuku, nikakukuta umesimama peke yako nyuma ya tangi la maji. Umeshika koki iliyofungwa. Hukuniona.

Uso ule naujua, Elias. Nilikuwa nao nyuma ya boila.

Ningekuwa baba mwenye akili ningekuja nikasimama hapo na wewe. Badala yake wiki iliyofuata nilipanda gari kwenda Nyakato kwa mzee Malima. Tulifanya kazi pamoja zamani, na sasa ni msimamizi wa mitambo kwenye ghala moja la baridi. Nilimwambia mwanangu ni fundi wa majokofu, mumtafutie nafasi. Sikukwambia. Sikumwambia mama yako. Nilijiambia sitaki kukupa matumaini ya bure. Ukweli ni kwamba nilitaka mbaki. Nilitaka Rehema aendelee kunipigia kelele asubuhi. Nilijua kabisa kwamba ukipata kazi hapa, Kulwa atakuwa kwenye shida ile ile ya mama yake mkwe, nami nilijifanya sijui.

Alhamisi mchana Malima akapiga. "Mlete Jumatatu. Mkataba wa mwaka mmoja, akifanya vizuri wataongeza."

Niliweka simu mfukoni nikakaa kwenye jiwe pale nyuma ya nyumba ambako ziwa linaonekana kidogo. Kwanza nilipanga kukuvuta pembeni wewe peke yako. Nilikuwa hata nimetunga maneno: mwache mkeo atangulie, mwanamume lazima awe na kazi yake, mwaka mmoja si mrefu. Nilikuwa nayasema kwa mdomo kabisa, kama mtu anayejifunza risala. Katikati nikasikia sauti yangu ya zamani. Nikajishtukia. Basi nikabadilisha, nikasema sitamwambia mtu. Waende kwa amani. Nikajiona nimetenda jambo jema, nikaingia ndani nikala.

Ijumaa asubuhi wakati tunakunja magodoro ulisema kwa utani, "Mzee, huko nitakuwa baba wa nyumbani," kisha ukalifungua fundo la kamba ukalifunga upya. Nikajua kwamba nilichokibeba si changu. Nilikuwa nimechukua tena kitu chenye jina la mtu mwingine, nikakifungua, nikakiweka mfukoni. Lakini Ijumaa ikapita. Nilikuwa naogopa.

Leo asubuhi mama yako alikuwa uani anachambua dagaa wa safari. Nilichuchumaa karibu yake nikamweleza yote, tangu siku niliyokwenda Nyakato.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Umejua tangu lini?"

"Alhamisi."

Aliendelea kuchambua. Alitoa kokoto moja, akaitupa. "Siku mbili," akasema. "Safari hii umejitahidi." Sikujua kama nicheke. Akapangusa mikono kwenye kanga. "Waite wote wawili. Usimwite Elias peke yake. Wote wawili."

Yaliyofuata unayajua, ila nataka ujue nilivyoyaona mimi. Kulwa alikaa juu ya godoro lililoviringishwa, mtoto mapajani. Wewe ulisimama. Nilipomaliza, hukuuliza kitu ila, "Mkataba?" Nikasema mwaka mmoja. Nikaona macho yako yamewaka, kama mtu aliyeitwa jina lake. Mara moja ukayazima, ukageukia dirishani.

Kulwa ndiye aliyeuliza. "Baba, mbona hukutuambia Alhamisi?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa mtakwenda. Kisha nikaogopa mtabaki kwa sababu yangu."

Hapo ndipo ulipogeuka. "Mzee, mwaka mmoja na nusu! Mwaka mmoja na nusu nimezunguka mji huu, halafu unanipa kazi siku ninayofunga mizigo?" Ukachukua viatu. Rehema akauliza, "Baba anaenda stendi?"

Sasa ni karibu saa kumi na moja. Hujarudi. Nimeandika mpaka vidole vinauma, na bado sijafika kwenye lile lililonikalisha hapa.

Sijui ufanye nini. Nimetafuta jibu tangu Alhamisi sina. Ukibaki, Kulwa atakwenda Mpanda peke yake na watoto wawili, kwenye kituo asikomjua mtu, au atabaki na wewe na nafasi yake apewe mwingine. Ukienda, unakwenda mahali ambapo hakuna mtu anayejua kwamba unaweza kuisikiliza kompresa ya friji kwa sikio ukajua inaumwa wapi. Watakuita mume wa nesi. Sijui utaitika vipi. Mimi nisingeitika, ndiyo maana nilichoma barua. Na labda utazoea, na labda hutazoea, na labda miezi minane itapita ukiwa umekaa kama nilivyokaa mimi, ukiona kila anayekuletea cherehani anakutukana.

Jambo moja tu naliweza. Likikupata huko, la kukosa usingizi, la kuona haya mbele ya watu, la kumchukia mkeo asubuhi anapovaa sare yake na wewe huna pa kwenda, mwambie. Mwambie yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo, hata kama litatoka vibaya. Mimi niliogopa kwamba nikimwambia mama yako naogopa, atanidharau. Nikaona afadhali nimdanganye. Na yeye alikuwa tayari amenichagua, yupo pale anakuogesha, na mimi sikujua.

Mbwa wa jirani wanabweka. Nadhani ni wewe.

*

Jumamosi, jioni hiyo hiyo, kabla ya chakula.

Ni wewe uliyerudi. Naandika haya machache kisha nafunga, maana mama yako ameshaita mara mbili.

Uliingia ukiwa na vumbi mpaka magotini. Ulikuja moja kwa moja huku chumbani, ukakaa chini sakafuni kama ulivyokuwa unakaa zamani ukitaka kunionyesha daftari la hesabu. Mimi nikafunika maandishi kwa mkono, halafu nikauondoa mkono.

"Nimekwenda Nyakato kwa miguu," ukasema. "Kwa mzee Malima."

"Ukamkuta?"

"Nimemkuta. Amenitembeza mpaka kwenye mashine. Ni nzuri, Baba. Mpya. Nimezigusa."

Moyo wangu ulipanda. Siwezi kukuficha hilo, nimeshasema sifichi tena. Nilisema moyoni: anabaki.

"Nikatoka getini nikampigia Kulwa. Ameniambia nikitaka nibaki huo mwaka, yeye atatangulia na watoto, na hatanilaumu hata nikichelewa. Amesema niamue nikiwa nimeshiba, nisiamue kwa hasira. Nikaenda nikanunua muhogo nikala."

"Halafu?"

"Halafu nikarudi nikamshukuru mzee Malima. Nimemwambia kuna mwenzangu tuliyepunguzwa naye, ana watoto wanne, namba yake nimemwachia."

Nilitaka kukuuliza kama una uhakika. Ukaniwahi. "Naogopa, Baba. Nimemwambia Kulwa pia. Nimemwambia huko Mpanda sijui nitafanya nini hata siku ya kwanza. Akasema na yeye anaogopa wagonjwa wa kule, hajashika sindano tangu amalize mafunzo. Tukacheka kwenye simu kama wendawazimu, mlinzi akaniangalia."

Nikakushika kichwa. Nywele zako zimeanza kupungua, sikuwa nimeona.

Hofu yangu haijapungua. Nimefurahi, lakini nadhani kesho pale stendi ya Nyegezi nitasimama nyuma ya watu ili msinione vizuri. Ukiona nimewahi kuondoka kabla basi halijatoka, usidhani ni hasira.

Kuna habari moja hujaisikia, imetokea sasa hivi wakati unanawa. Mama yako alikuja hapa mlangoni akasema anataka kwenda kuiona Mpanda mpunga ukishavunwa. Nikamuuliza tutakaa muda gani. Akasema tutajua tukifika. Nikaanza kusema habari za nyumba, nani ataangalia kuku, nani atalala hapa, safari yenyewe ni ndefu na mimi katika maisha yangu sijavuka Tabora. Aliniacha nikasema mpaka nikamaliza. Kisha akabaki amesimama pale pale, ananiangalia, na nikaona kwamba katika miaka yote hii mwanamke huyu hajawahi kuniomba twende mahali popote.

Nikamwambia twende. Nilimwambia kabla hajarudia kusema.

Amekwenda kumwambia Kulwa. Nawasikia jikoni.

Baba yako.